Mita au Futi? Kipimo Kipi kwa Kazi Ipi

Karatasi aliyoniletea mteja Jumamosi asubuhi ilisomeka hivi: nondo mm 12, kumi na tano. Mbao mbili kwa nne za futi 12, ishirini. Bati geji 28 za mita 3. Bomba la nusu inchi. Misumari ya inchi nne, kilo tatu. Rangi nyeupe, galoni mbili. Mwandiko mmoja, nyumba moja, na mifumo miwili ya vipimo imekaa humo kama wake wenza waliokwisha kuzoeana. Tazama hiyo misumari: urefu wake ni wa Kiingereza, uzito wake ni wa metriki, na hakuna aliyeshtuka. Nilipiga bei, kijana akapakia kwenye guta, wakaondoka.

Kisheria hakuna cha kubishania. Tanzania na Kenya ni nchi za metriki. Mizani ya buchani inasoma kilo, vibao vya barabarani vinasoma kilomita, hati za ardhi zinasoma mita za mraba au hekta. Vipimo vya Kiingereza vilivyoachwa na mkoloni, kimoja kimoja vimekufa. Ratili, yaani paundi ya uzito, utaisikia kwa wazee tu. Maili imebaki kwenye majina ya vituo vya daladala: Maili Moja pale Kibaha, Maili Mbili pale Dodoma. Lakini inchi haijaugua hata mafua. Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi, kaa kwa fundi cherehani, simama kwa fundi pancha, utaikuta inatawala.

Kwa hiyo anayejenga, anayenunua shamba au anayeshona lazima achague, na mara nyingi anachagua bila kujua kwamba amechagua. Mimi ni mtu wa mita, nakiri mapema. Ila nauza inchi kila siku, na kuna kazi ambazo nikikuta mtu analazimisha milimita namwambia apunguze jazba.

Kila mmoja na kipaji chake

Futi ina inchi 12, na 12 ni namba yenye huruma. Igawe kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa sita, haikusumbui. Mita ukiigawa kwa tatu inakuachia sentimita 33 na mkia usiokwisha. Inchi nayo inakatwa nusu, nusu inakatwa robo, robo inakatwa nusu yake, na jicho la fundi linaziona hizo sehemu bila kuhesabu. Hata vipimo vyetu wenyewe vilikwenda hivyo: shubiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima. Kila hatua ni kuongeza maradufu. Anayesema inchi inakaa vizuri mkononi hasemi upuuzi.

Balaa linaanza kwenye kujumlisha. Chukua kipande cha inchi 7 na sehemu tatu za nane, kiunganishe na cha inchi 4 na sehemu kumi na moja za kumi na sita. Jumla? Ni inchi 12 na sehemu moja ya kumi na sita, lakini mpaka upate penseli, ufanye asili ziwe sawa, ukumbuke somo la darasa la tano, mwenzako mwenye milimita ameshajumlisha 187 na 119, amepata 306, na ameshakata.

Halafu kuna jambo ambalo futi haina kabisa. Metriki imefunga ndoa kati ya urefu, ujazo na uzito. Tangi la mita moja kila upande linabeba lita 1,000, na maji hayo yana uzito wa kilo 1,000, yaani tani. Kabla hujaliweka juu ya dari umeshajua utambebesha nani mzigo gani. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja. Basi paa lako la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 30 usiku mmoja, ni lita 3,000 zilizopita kwenye mifereji, ukiondoa zilizorukia kwa jirani. Jamvi la mita 5 kwa 4, unene wa sentimita 10, ni zege mita mbili za ujazo. Hesabu hizo unazifanya ukiwa umesimama juani. Jaribu kwa futi, yadi na galoni, utaomba kiti.

Isitoshe, inchi yenyewe siku hizi inaishi kwa hisani ya mita. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza na wenzao wanne walikubaliana kwamba yadi ni mita 0.9144 kamili, na inchi ikawa milimita 25.4, wala si nywele zaidi. Kabla ya hapo inchi ya Marekani na ya Uingereza zilipishana kwa kiasi kidogo mno kukiona kwa macho, ila kiwandani kilionekana.

Ardhi: hapa usinichekee

Anayeuza shamba kijijini kwa kawaida hana tepu. Ana miguu. Kanuni inayojulikana kila kona ni kwamba ekari moja ni hatua 70 kwa 70, na kanuni hiyo ni nzuri ajabu, mradi hatua iwe yadi moja, karibu sentimita 91. Sabini mara sabini ni yadi za mraba 4,900, na ekari halisi ni yadi za mraba 4,840. Aliyeianzisha alijua anachofanya.

Tatizo ni mguu. Mtu wa kimo cha kawaida akitembea bila kujinyoosha hatua yake inafika sentimita 75 hivi. Hatua 70 za namna hiyo ni mita 52 na nusu. Zidisha kwa zenyewe: mita za mraba 2,756. Ekari ni mita za mraba 4,047. Umelipa ekari nzima, umepewa theluthi mbili na ushei. Na nani anahesabu hatua siku ya mauziano? Muuzaji, huku mashahidi wakimfuata nyuma wakiongelea bei ya mbolea.

Nenda na tepu ya mita 50. Ekari ya pembe nne sawa ni mita 63 na sentimita 60 kila upande. Ukiona unateseka na desimali, omba mkataba uandikwe mita za mraba, usahau ekari. Hekta ni rahisi zaidi, ni mita 100 kwa 100, sawa na ekari 2.47, na yule anayekuambia mbili na nusu anakukatia kidogo au anakuongezea kidogo kutegemea yuko upande gani wa meza.

Kenya nako kuna lao. Ploti ya futi 50 kwa 100 hutangazwa kama sehemu ya nane ya eka. Piga hesabu: 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000. Eka ina futi za mraba 43,560, na sehemu ya nane yake ni 5,445. Zimepotea futi 445, yaani nafasi ya kuweka chumba cha futi 20 kwa 22, kwenye tangazo lenye maneno machache tu. Na hati ikitoka inasoma hekta. Ploti iliyotimia ya 50 kwa 100 inapaswa kuwa karibu hekta 0.0465. Ukisoma 0.040, hizo ni mita za mraba 400, umepungukiwa na mita 64 nyingine.

Kwenye ardhi, basi, metriki. Futi iachie tangazo.

Ramani inasema milimita, fundi anasikia futi

Nilipojenga kwangu, ramani ilionyesha madirisha ya 1500 kwa 1200. Nilimpigia fundi wa kuchomelea grili, nikamwambia, "Fundi, tano kwa nne, sita." Akasema sawa mzee, nimekuelewa. Na kweli alinielewa: futi tano kwa futi nne, ndivyo nilivyotamka. Grili zikaja zimepakwa rangi, nzuri za kupendeza. Tukainua ya kwanza, ikagoma. Tukaigeuza, ikagoma.

Futi tano ni milimita 1,524. Futi nne ni 1,219. Kila grili ilizidi tundu kwa milimita 24 upande mmoja na 19 upande mwingine. Ukuta ulikuwa umeshapigwa plasta. Siku mbili tukabomoa kingo za madirisha sita kwa patasi na nyundo, fundi wa plasta akalipwa mara ya pili, na mke wangu hadi leo akitaka kuninyamazisha ananiuliza, "Tano kwa nne ya wapi?"

Kosa lilikuwa langu. Mwashi alifanya kazi yake kwa milimita vizuri, wa grili alifanya kwa futi vizuri, na mimi niliyesimama katikati nikavusha namba kichwani bila kuiombea pasi. Hapo ndipo penye hatari siku zote. Julai 23, 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilihitaji kilo 22,300 za mafuta kwa safari ya kutoka Montreal kwenda Edmonton. Canada ilikuwa inahamia metriki, na ndege hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza za shirika hilo kusoma kilo. Waliopiga hesabu ya kugeuza lita kuwa uzito wakatumia 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, badala ya 0.8 ya kilo. Ikaruka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Injini zote mbili zilizima angani, na rubani, kwa bahati mzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, akaiteremsha kama kishada kwenye uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, Manitoba. Watu wote walisalimika. Kilo haikuwa na kosa, ratili haikuwa na kosa.

Mafundi wetu wanapenda kusema futi kumi ni mita tatu. Kwa kuongea, sawa. Kwa kujenga, futi kumi ni milimita 3,048, umezidi karibu inchi mbili. Panua hadi nyumba nzima: anayechimba msingi wa futi 40 na anayesoma ramani ya mita 12 wamepishana sentimita 19, na tofali la inchi sita lina unene wa sentimita 15. Yaani ukuta mmoja umesimama nje ya msingi.

Kuna pia ndugu zetu walioko Marekani wanaojenga nyumbani. Anakutumia ramani aliyoipenda huko, chumba futi 12 kwa 14, mlango inchi 36, dari futi 9. Usikae mezani kugeuza namba moja moja. Mpe mchoraji wa hapa aichore upya kwa milimita kuanzia mwanzo, afuate saizi za tofali na milango zinazouzwa huku. Chumba cha 3600 kwa 4200 kitapungua kidogo kuliko alichokiona, na hatajua. Ukigeuza kwa uaminifu utapata 3658 kwa 4267, na mwashi wako atakutazama kama umelogwa.

Bomba la nusu inchi ambalo halina nusu inchi

Hapa ndipo ninapogeuka upande. Kwenye mabomba, inchi ishike, lakini ielewe ni jina tu. Chukua bomba la chuma la nusu inchi, lipime kwa nje: milimita 21. Lipime tundu: karibu 16. Nusu inchi ni 12.7, haipo popote. Zamani kuta za mabomba zilikuwa nene na tundu lilikaribia nusu inchi kweli. Chuma kikaboreshwa, ukuta ukapungua kwa ndani, kipenyo cha nje kikaachwa kilivyo ili kona na soketi za zamani ziendelee kuingia. Jina likabaki kama jina la ukoo.

Bomba za PPR, yaani zile za plastiki ngumu, zimekuja na milimita zake, na dukani zimepewa majina yaleyale ya zamani:

| Jina la dukani | Chuma, kipenyo cha nje | PPR, kipenyo cha nje |
|---|---|---|
| Nusu inchi | mm 21 | mm 20 |
| Robo tatu | mm 27 | mm 25 |
| Inchi moja | mm 34 | mm 32 |

Ndiyo maana mteja anayeniambia "kona za nusu inchi" lazima nimuulize za chuma au za PPR. Kwenye tredi, yaani yale meno ya kukazia bomba, hakuna kubishana: nusu inchi ya bomba ina meno 14 kwa kila inchi, na Mjerumani mwenye metriki yake yote anaitumia hiyohiyo. Koki, mita ya maji, kichwa cha bafu, vyote vinasubiri nusu inchi. Ukitafuta tredi ya milimita 20 kamili utazunguka mji.

Nondo ni kinyume. Zinatengenezwa kwa milimita, na wapo wanaoita ya 12 "nusu inchi". Nusu inchi halisi ni 12.7, na eneo la chuma ndani yake ni milimita za mraba 127, dhidi ya 113 za nondo ya 12. Mhandisi akihesabu moja ukanunua nyingine, umepunguza chuma kwa asilimia 11. Agiza kwa milimita, kisha beba mizani: nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kukaribia kilo 10.6. Ikiwa na kilo tisa, hiyo si 12, hata kama lebo imeandikwa kwa dhahabu.

Bati ndiyo fujo kubwa kuliko zote, maana geji si inchi wala si milimita. Namba ikipanda, bati linapungua unene, na kila nchi ilitunga jedwali lake. Geji 28 ya Kiingereza ni milimita 0.376. Geji 28 ya Marekani kwa bati lililopakwa zinki ni 0.475. Zote ni geji 28, zote ni kweli. Muuzaji akikutajia geji, muulize "unene milimita ngapi?" Akianza kusifia rangi, ondoka.

Mafundi wengine, kwa haraka

Kwa spana, angalia kifaa kimezaliwa wapi. Pikipiki na gari za Kijapani ni milimita: 10, 12, 14, 17. Mashine za zamani za Kiingereza na Kimarekani ni inchi. Spana ya 19 na ya robo tatu inchi ni ndugu, zinapishana milimita 0.05, tumia yoyote. Lakini 13 kwenye boliti yenye kichwa cha nusu inchi inacheza, na boliti ikiwa na kutu itakula kona zake zote, uhamie kwenye patasi.

Tairi imeandikwa 195/65 R15: upana milimita, rimu inchi, na upepo fundi anaupima kwa PSI, yaani ratili kwa inchi ya mraba. Usiguse. Dunia nzima imekubali huo mchanganyiko.

Mshonaji muachie inchi zake. Futi kamba yake ina inchi 60 upande mmoja na sentimita 150 upande wa pili, na upande wa sentimita bado unang'aa kwa kutoguswa. Ameshika vipimo vya kiuno na mabega kwa inchi miaka yote, ukimtajia sentimita 96 utamvuruga na gauni litalipa. Wewe kuwa macho kwenye kununua kitambaa tu: kitenge cha yadi sita ni mita tano na nusu pungufu ya sentimita moja, kwa hiyo usilinganishe bei ya yadi na bei ya mita kama vile ni kitu kimoja. Tofauti ni karibu asilimia tisa.

Kipimajoto cha homa ukikuta kinasoma 98.6 usikimbilie hospitali, hiyo ni Farenhaiti na mtoto ni mzima, ni 37 yetu. Homa inaanza 100.4, ambayo ni 38. Vipimajoto vingi vya betri vina kitufe cha kubadilisha. Kibonyeze siku mtoto akiwa mzima, usisubiri saa nane za usiku.

Na galoni? Ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani 3.785. Galoni ya rangi niliyomuuzia yule mteja ni kopo la lita 4, si ya Mwingereza wala ya Mmarekani, ni yetu wenyewe. Debe nalo lilikuwa galoni nne za Kiingereza, lita 18 na ushei, mpaka ndoo za plastiki za lita 20 zikarithi jina na kazi.

Yule mteja alirudi Jumatatu na mfuko wa kona za nusu inchi mkononi. Bomba alilonunua lilikuwa la PPR, kona alizinunua duka lingine, za chuma. Nikambadilishia, nikachukua kalamu, nikaandika "mm 20" kando ya neno nusu inchi kwenye karatasi yake. Akaikunja, akaiweka mfukoni, akaniuliza kama nina misumari ya inchi tatu. Nikamuuliza kilo ngapi.